Umri wa Simu: Nani Huamua Kwamba Imezeeka

Simu ya mkononi iliingia Afrika Mashariki ikiwa mali ya kudumu. Mobitel, mtandao wa kwanza wa simu hizo Tanzania, ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 1994 kwa teknolojia ya analojia. Katika teknolojia hiyo simu na laini vilikuwa kitu kimoja: namba ya mteja iliingizwa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe, na aliyetaka kuhamia simu nyingine alirudi ofisini kwa kampuni akafanyiwa kazi hiyo. Wenye simu walikuwa wafanyabiashara, mabalozi na wakurugenzi, na simu ilihesabiwa pamoja na gari na jokofu. Hata Marekani, ambako Motorola iliuza DynaTAC 8000X kuanzia mwaka 1983 kwa dola 3,995, mnunuzi hakutarajia kununua nyingine baada ya miaka miwili. Iliyoharibika ilitengenezwa.

Kilichobadili hali hiyo ni kadi ndogo ya plastiki. Mfumo wa GSM, ulioanza kutoa huduma Finland mwaka 1991, uliitenga laini na simu. Namba na majina ya watu vilikaa kwenye kadi, na kadi ilihama kutoka simu moja hadi nyingine kwa dakika moja. Vodacom ilipoanza Tanzania Agosti 2000, na Safaricom na Kencell zilipoanza kushindana Kenya mwaka huohuo, zilikuja na mfumo huu pamoja na vocha za kukwangua. Sasa mtu aliweza kumiliki laini bila kumiliki simu. Wengi walitembea na kadi mfukoni, wakaazima simu ya jirani, wakapiga, wakairudisha. Simu nayo ikawa na bei yake peke yake, na kitu chenye bei yake peke yake huuzwa, hurithishwa, huwekwa rehani na huibwa. Soko la simu zilizotumika lilizaliwa hapo. Nyingi zilitoka Ulaya zikiwa zimefungwa kwenye mitandao ya huko, na moja ya kazi za mwanzo za mafundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam na wa Luthuli Avenue jijini Nairobi ilikuwa kuzifungua kwa kompyuta na waya ili zisome laini za hapa.

Simu za Nokia ndizo zilizowapa watu kipimo cha udumu. Nokia 3310, iliyotangazwa Septemba 2000, iliuzwa milioni 126 duniani. Nokia 1100, iliyofuata mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 250, idadi ambayo ni simu chache mno zimewahi kuikaribia. Hii ya pili ilibuniwa kwa ajili ya nchi za vumbi na umeme wa shida. Vitufe vyake vilifunikwa kwa kipande kimoja kisichopitisha vumbi, ubavu wake haukuteleza hata kwenye mkono wenye jasho, na kichwani ilikuwa na tochi. Haikuwa na kamera wala kioo cha rangi. Kwenye nyumba zisizo na umeme tochi hiyo ilifanya kazi nyingi kuliko simu yenyewe. Wakenya wakaziita simu za aina hiyo mulika mwizi, Watanzania vitochi. Simu ya namna hii haikuwa na sababu ya kuzeeka, kwa kuwa kazi zake zilikuwa mbili, kupiga na kuandika ujumbe, na mitandao haikuzibadilisha kazi hizo. Nokia 1100 nzima iliyochajiwa leo bado inapiga mahali popote penye mawimbi ya 2G.

Kilichochoka ni betri, na betri ilikuwa ya kutoa. Kifuniko cha nyuma kilisukumwa kwa kidole gumba kikatoka; ndani yake ilikaa betri ya BL-5C, yenye urefu na upana wa kiberiti lakini nyembamba, ikang'olewa kwa ukucha. Muuza simu aliilaza juu ya kioo cha kaunta na kuizungusha kwa kidole. Ikizunguka imevimba tumboni, haifai. Ikigoma iko bapa, inauzika. Mpya iliwekwa, simu ikawashwa, mteja akaondoka, na kazi yote haikuhitaji bisibisi. Kwa kuwa betri hiyo hiyo ilitumika kwenye aina nyingi za simu za Nokia, na baadaye kwenye redio ndogo na spika kutoka China, imeendelea kuuzwa madukani miaka mingi baada ya simu zenyewe kuacha kutengenezwa. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji, ikajitolea kuzibadilisha bure. Matsushita halikuwa jina geni kabisa Tanzania. Ndiyo iliyokuwa na kiwanda cha betri za redio za National jijini Dar es Salaam. Katika tangazo lile hakuna aliyeambiwa aitupe simu. Tatizo lilikuwa la betri, na dawa ikawa betri.

Meza ya fundi simu ilirithi mengi kutoka kwa meza ya fundi redio: kifaa cha kuchomelea risasi, kioo cha kukuzia, mswaki mkuukuu, kichupa cha spiriti, na kopo la skrubu zilizotolewa kwenye simu zilizokufa. Simu iliyotumbukia chooni au iliyonyeshewa ilifunguliwa, ikasuguliwa kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti, ikaachwa chini ya taa ya meza. Nyingi zilifufuka. Zile ambazo hazikufufuka zilibaki mezani kama akiba: spika ya moja, maikrofoni ya nyingine, kioo cha ya tatu. Kwa karibu miaka kumi uamuzi wa kubaki na simu au kuiacha ulifanyika hapo, ana kwa ana, kati ya mwenye simu na fundi anayeiona. Fundi akisema "bodi imekufa", simu imekufa. Asiposema, inaishi.

Wala simu iliyoachwa haikuwa imefika mwisho. Mtu wa mjini aliponunua mpya, ya zamani ilikwenda kwa mdogo wake anayesoma, au ilipanda basi kwenda kwa mama kijijini, imefungwa kwenye khanga au ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na chaja na laini iliyokwisha wekwa vocha. Kijijini kusikokuwa na umeme ilichajiwa kwenye duka la gulioni lenye jenereta, betri ya gari au, baadaye, paneli ya jua, kwa malipo ya shilingi chache. Simu moja ilipita hivyo mikononi mwa watu watatu au wanne. Swali la kubaki na simu au kubadilisha halikuwa la mtu mmoja, kwa sababu kubadilisha kwa kaka mkubwa kulikuwa ndiyo kupata kwa wadogo.

Mnyororo huo ulipata nguvu mpya kutoka upande ambao watengenezaji wa simu hawakuutarajia. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Ilitumia menyu iliyo ndani ya kadi ya laini na namba fupi za nyota na reli, na kwa hiyo ilifanya kazi kwenye simu yoyote ya GSM, mpya au chakavu, yenye kioo cha rangi au cha kijani. Mahali pengi duniani huduma kubwa za kidijitali ziliwavuta watu kuelekea simu mpya. Hapa huduma kubwa kuliko zote iliwaruhusu kubaki na za zamani. Kutuma fedha, kulipia umeme na kulipa ada ya shule viliwezekana kwenye kitochi cha mwaka 2003, na bado vinawezekana. Bila shaka hiyo ni sababu mojawapo kubwa iliyoifanya simu ya batani iishi Afrika Mashariki muda mrefu kuliko ilivyoishi Ulaya.

Waliobadilisha simu katika miaka hiyo walifanya hivyo mara nyingi kwa sababu ya bei na laini. Mwaka 2005 chama cha kimataifa cha kampuni za simu kiliipa Motorola kazi ya kutengeneza simu za bei ya chini kwa nchi maskini, na Motorola C113 ikatoka kwa bei ya jumla isiyofika dola 30. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye simu mwaka 2009, ikairudisha mwaka 2013. Kuhusu laini, kupiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali, na watu walimiliki kadi mbili au tatu, wakizichomoa na kuzichomeka kutwa nzima hadi vishikio vya kadi vikalegea. Simu ya laini mbili ilimaliza adha hiyo. Nokia ilichelewa kuitoa. Tecno, iliyoanzishwa China mwaka 2006 na kampuni inayoitwa leo Transsion, iliitoa mapema na kuielekeza Afrika, na wenye Nokia nzima kabisa waliziweka kabatini kwa ajili yake. Huenda hiyo ndiyo mara ya kwanza simu nyingi zisizo na kasoro kuachwa kwa pamoja katika eneo hili.

Pamoja na Tecno, na chini yake kwa bei, ziliingia simu za bandia: Nokia zenye herufi moja iliyokosewa, simu zenye antena ya televisheni, simu zenye spika za kusikika mtaa wa pili. Nyingi hazikuwa na namba halali ya utambulisho, ile ya tarakimu 15 inayoonekana kwa kubonyeza *#06#. Serikali zikaingilia. Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliweka ukomo wa mwisho wa Septemba 2012, na kuanzia Oktoba simu zipatazo milioni 1.89 zilizimwa kwenye mitandao yote. Tanzania ilifuata usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Wananchi walielekezwa kutuma namba hiyo kwenda 1555 kwa upande wa Kenya na 15090 kwa Tanzania ili kujua kama simu zao ni halali. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana: uhalifu unaofanywa kwa simu zisizofuatilika, wizi, na vifaa visivyopimwa usalama wake. Hata hivyo aliyeumia hasa ni aliyenunua kwa nia njema, dukani, mchana kweupe, akapewa na risiti. Simu yake iliwaka, ilipiga muziki, ilimulika, ila haikupata mtandao tena. Kabla ya hapo simu ilikufa mezani kwa fundi. Sasa ilionekana kwamba inaweza kuuawa kutoka mbali ikiwa nzima, na fundi asiwe na la kusema.

Simu janja zilipofika, jambo hilo likawa la kawaida. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009, mwingine ukafika Mombasa, na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Mwanzoni mwa mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza Huawei IDEOS kwa takriban dola 100. Ilikuwa na kioo cha inchi 2.8, betri ya kutoa, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya megabaiti 256. Kwa wengi nchini Kenya ndiyo simu ya kwanza iliyofungua ramani, barua pepe na Facebook pamoja. Vitu vyake vya ndani vilidumu. Nafasi ndiyo iliyoisha. Programu ziliongezeka uzito kila zilipohuishwa, na mwenye IDEOS alijikuta akifuta picha ili ujumbe uingie, kisha akifuta programu moja ili nyingine ihuishwe. Aina hii ya uzee haikuwa imewahi kuonekana kabla. Simu ilibaki vilevile huku dunia iliyounganishwa nayo ikinenepa.

WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, ndiyo iliyoufanya uzee huo uwe na tarehe. Katika Afrika Mashariki ilikwisha kuwa mahali pa kila jambo: vikao vya harusi, michango ya msiba, makundi ya wazazi wa shule, sauti za kutumiana kati ya Mombasa na Muscat au kati ya Bujumbura na ndugu walio Ulaya. Aliyeikosa alikosa habari za ukoo. Kampuni hiyo iliacha kuzihudumia simu za Nokia za Symbian katikati ya 2017, BlackBerry za mfumo wa zamani mwishoni mwa mwaka huo, Nokia za S40 mwishoni mwa 2018, na Windows Phone mwishoni mwa 2019. Tarehe 1 Februari 2020 ilikuwa zamu ya Android 2.3.7 na zilizotangulia, na hapo IDEOS ikatoka. Kundi la Android 4.0.4 na chini yake lilifuata Novemba 2021, na baadaye likaja la Android 4.4. Kila tarehe ilipokaribia, maduka yaliona wateja ambao simu zao hazikuwa na tatizo lolote.

Chanzo cha uzee huo kiko mbali zaidi ya WhatsApp. Mfumo wa Android hutolewa na Google, lakini masasisho yake humfikia mtumiaji kupitia kwa mtengenezaji wa simu, na kwa simu za bei ya chini watengenezaji wengi walitoa masasisho mwaka mmoja au miwili tu, wengine hawakutoa kabisa. Simu ikishaachwa hivyo, mianya ya kiusalama inayogunduliwa haizibwi tena, na programu za benki huanza kuikataa moja baada ya nyingine. Hapa kuna kinyume kinachostahili kuangaliwa: kitochi kisichojua intaneti hakina masasisho ya kukosa, na kwa maana hiyo kinazeeka polepole kuliko simu janja ya bei ya chini iliyonunuliwa miaka kumi baadaye.

Wakati huohuo betri iliacha kuwa ya kutoa. iPhone ya kwanza, Juni 2007, ilitoka ikiwa imezibwa. Samsung ilishikilia betri ya kutoa hadi Galaxy S5 ya mwaka 2014 na kuiacha kwenye S6 mwaka uliofuata, na simu za bei ndogo zikafuata mkondo. Faida zilikuwepo, simu nyembamba na zisizoingiza maji kirahisi. Ila betri ya lithiamu ni ileile kikemia. Kila inapojazwa na kutumika hupungua kidogo, na simu nyingi za kipindi hicho zilitarajiwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi, yaani takriban mwaka mmoja na nusu kwa anayechaji karibu kila siku.

Kwa fundi kazi ya dakika moja ikawa ya saa nzima. Simu hulazwa kifudifudi juu ya bamba la umeme lenye joto hadi gundi ilegee. Kikombe cha mpira kinachonyonya hubandikwa mgongoni na kuvutwa, na ufa unapojitokeza huingizwa kikadi chembamba cha plastiki, kikazungushwa pembe zote nne kwa mkono usio na haraka, kwa kuwa mgongo wa kioo hupasuka kwa kosa dogo. Betri yenyewe imegandishwa. Matone ya spiriti hudondoshwa pembeni yake, kikadi kikapitishwa chini, na hapo fundi mzuri hupunguza nguvu: betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto mezani. Kisha gundi mpya, kubana kwa klipu, na kungoja. Simu haiwi tena na uwezo wake wa zamani wa kuhimili maji, jambo ambalo si kila fundi humwambia mteja. Kioo kilichopasuka kina hesabu yake nyingine. Kioo halisi cha simu ghali huweza kukaribia bei ya simu nzima iliyotumika, na cha kuigiza hugharimu kidogo lakini hula betri na kupoteza rangi. Kazi rahisi iliyobaki ni mfumo wa chaji, lile tundu linalolegea kwa vumbi na waya duni, na simu nyingi zinazotupwa kwa kudhaniwa betri imekufa zinasumbuliwa na hilo tu.

Uhusiano kati ya betri na uamuzi wa kununua ulipata ushahidi mkubwa nje ya Afrika. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla. Baadhi ya wateja, waliodhani simu zao zimezeeka, walikuwa wamenunua mpya. Kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka wote wa 2018, na baadaye ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Januari 2019 mkuu wake, Tim Cook, aliwaandikia wawekezaji kwamba mapato yameshuka kuliko ilivyotarajiwa, na miongoni mwa sababu alizotaja ni wateja waliobadilisha betri kwa bei ya punguzo. Watu walipopewa betri, walibaki na simu. Ndicho alichokuwa akikifanya muuza duka wa BL-5C.

iPhone hizo, na Samsung za daraja lake, zinafika Afrika Mashariki kwa njia ya mtumba. Dubai, hasa eneo la Deira, ni mlango wake mkuu: simu zilizorudishwa na wateja wa Ulaya, Marekani na Asia hupangwa kwa madaraja, zikanunuliwa kwa mafungu na wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kwa hiyo neno kubadilisha simu lina maana tofauti hapa. Mara nyingi anayepanda daraja hanunui simu mpya kwa umri. Ananunua ya miaka minne au mitano iliyokuwa ghali, badala ya mpya ya bei sawa. Huleta na yake, ikathaminiwa, akaongeza fedha juu, na mwuzaji akaiuza ile ya zamani kwa mwingine. Mnunuzi huuliza asilimia ya afya ya betri, hukagua kama uso au alama ya kidole inasoma, na huhakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imefutwa. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haina kazi zaidi ya vipuri. Anayechagua hivyo hupata kamera na kioo bora. Anachokosa ni muda, kwa kuwa masasisho ya simu huhesabiwa tangu aina yake ilipoanza kuuzwa, si tangu ilipofika Kariakoo.

Njia nyingine ya kupanda daraja ni mkopo. Safaricom na Google zilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mteja akilipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. M-KOPA, iliyoanza Nairobi kwa kukopesha taa za sola, iliingia kwenye simu kwa mtindo huohuo. Masharti yake yamo ndani ya simu: malipo yakikatika, inajifunga mpaka deni lilipwe. Sola ya M-KOPA ilikuwa ikizima hivyohivyo. Mikopo hii imewaleta kwenye intaneti watu wengi ambao wasingefika, na kufikia mwaka 2024 takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zilionyesha simu janja zimezidi za batani. Zilizokuja na mikopo hiyo si simu za kurithishana, walau hadi shilingi ya mwisho ilipwe. Viwanda vya kuunganisha simu navyo vilifunguliwa, cha kampuni ya Mara huko Kigali Oktoba 2019 na cha Athi River Oktoba 2023, cha pili kikilenga hasa simu za bei ya chini kwa soko la Kenya.

Gharama ya simu mpya huanzia pia kwa wasemaji wa Kiswahili, lakini wengine, wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tantalamu ya vihifadhi vidogo vya umeme ndani ya simu hutokana na koltani, na sehemu ya koltani ya dunia huchimbwa kwa sururu na koleo karibu na Rubaya, wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Kobalti ya betri hutoka kwa wingi Kolwezi na maeneo jirani. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote duniani. Bei ya koltani ilipopaa mwaka 2000, makundi yenye silaha yaligombea migodi, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa tangu 2001 zimeeleza jinsi madini hayo yalivyolisha vita. Upande wa pili wa safari ni taka. Mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Nairobi ina kituo maalumu cha kuzipokea, ila simu nyingi zilizoachwa hazijafika hata kwenye taka. Zimo ndani ya droo za nyumbani.

Tangu mwaka 2023 muda wa masasisho umerefuka, kwanza kwa simu za daraja la juu. Google iliahidi miaka saba kwa Pixel 8 Oktoba 2023, na Samsung ikatoa ahadi hiyohiyo kwa Galaxy S24 Januari 2024. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa sheria: tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazouzwa huko lazima zipewe masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya aina hiyo kuacha kuuzwa, na betri ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800. Kanuni nyingine, itakayoanza kutumika Februari 2027, inataka betri iweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa kwa simu zenye betri za kudumu zaidi zisizoingiza maji. Simu za bei ya chini zinazotengenezwa kwa masoko ya Afrika hazimo katika sheria hizo, na ahadi zake za masasisho ni fupi, nyingine hazipo kabisa. Muda huo hauandikwi kwenye boksi. Kwenye simu ya Android dalili yake hupatikana ndani ya Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, palipoandikwa tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Tarehe hiyo ikiwa imesimama mwaka mzima au zaidi bila sasisho jipya kutolewa, mtengenezaji ameshaiacha simu hiyo, hata kama betri yake bado inafika jioni.